Raspberry Pi ndani ya Toyota Ist yangu: mwaka mmoja na nusu barabarani

Gari langu ni Toyota Ist ya 2004, lilikuja na redio yake ya Kijapani. Wenye magari haya mnaijua kero yake: FM ya kule ilianzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Nikaamua kuing'oa redio nzima na kuweka kompyuta niliyoiunda mwenyewe: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kibao kimoja, nitaiita Pi), skrini ya kugusa ya inchi 7 ya kampuni hiyohiyo, amplifaya ndogo, na kipokea redio cha USB kinachokamata stesheni zote hadi 108. Natumia kila siku ya kazi, Mbezi hadi Posta na kurudi.

Nianze na umeme, maana ndiko pesa yangu ilikopotelea. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Gari lina 12, na injini ikiwaka alteneta inapandisha hadi 14 na ushee. Fundi wa kwanza aliunga waya wa ACC, ule unaopata umeme ukifungua ufunguo, kwenye kipunguza volti cha bei rahisi, skrini ikawaka, akaniambia, "Bosi, umeme huo, safi kabisa." Ilikuwa safi mpaka nilipopiga stata. Ukifungua ufunguo, Pi inaanza kuamka. Ukizungusha kupiga stata, gari linakata ACC kwa sekunde moja au mbili, na Pi inazimika huku ikiwa katikati ya kuandika kwenye memori kadi. Wiki ya pili kadi ikafa. Nikaweka nyingine, nayo ikafa.

Hapo nikafungua dashibodi mwenyewe. Nilinunua kibao cha umeme kilichotengenezwa maalumu kwa Pi inayokaa garini. Kinachukua umeme wa kudumu, kwenye Ist yangu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, kupitia fyuzi ya ampea 5. Waya wa kijivu, ambao ndio ACC, kinautumia kujua tu kama ufunguo umefunguliwa. ACC ikikatika kidogo wakati wa kupiga stata, hakishtuki. Ikikatika moja kwa moja, kinaiamuru Pi ijizime taratibu, kinaisubiri imalize, ndipo kinakata. Tangu siku hiyo sijapoteza kadi, wala betri haijalala. Kama bajeti yako inaruhusu kifaa kimoja tu kizuri, basi kiwe hiki.

Skrini nayo ina lake. Tundu la redio la Toyota ni milimita 200 kwa 100. Skrini ni 194 kwa 110. Milimita 10 hizo zilinimalizia Jumapili mbili. Nilipiga msasa fremu ya plastiki juu na chini, najaribu, natoa, napiga tena, hadi ikakaa mbele ya tundu bila kucheza. Inapendeza, ila saa saba mchana jua likiipiga huoni ramani mpaka uikinge kwa mkono.

Sauti mwanzoni ilinikera sana. Kulikuwa na mlio mwembamba kama wa mbu, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Kumbe ni alteneta, inaingia kwa sababu waya wa asi (ethi) wa amplifaya na ule wa Pi ulifungwa sehemu mbili tofauti za bodi. Nikazileta asi zote kwenye boliti moja, nikaiacha tundu ya sauti ya Pi na kutumia kadi ya sauti ya USB. Mlio ukaisha.

Joto nililiogopa kuliko yote, kwa sababu Pi 4 ikifika nyuzi 80 hujipunguzia kasi. Nimeificha nyuma ya droo ya upande wa abiria na feni ndogo. Gari limewahi kuanikwa Kariakoo kutwa nzima, na kipimo cha juu nilichokiona ni 71.

Ninachokipenda zaidi ni ramani. Natumia Navit, programu ya kuongoza njia, na data za OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea; zimo ndani ya Pi, haili bando hata kidogo. Dar imechorwa vizuri mno kutokana na kazi ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za jiji ulioanza 2015, hata vichochoro vya uswahilini vimo. Foleni ikishika barabara kubwa, napita ndani kwa uhakika.

Kama shida yako ni muziki na simu tu, nunua redio ya Android iliyo tayari, utapumzika. Mimi nilitaka kitu ninachoweza kukifungua na kukirekebisha, na hilo nimelipata.

Kamera ya kurudi nyuma ndiyo imenishinda kwenye Pi. Pi inachukua kama sekunde 35 kuamka, na asubuhi natoka getini kwa kurudi nyuma, watoto wa jirani wakienda shule. Siwezi kusubiri, wala siwezi kubahatisha. Nimenunua kamera yenye kioo chake, inawaka papo hapo ukiingiza gia ya rivasi. Waya wake naupitisha Jumamosi hii.