Seti ya klachi ya mashindano: spea nzuri, gereji ya hovyo

Kilichoniuma si pesa, ni jibu. Subaru Impreza yangu ya turbo, ninayoshindania otokrosi (mbio za kukimbizana na saa kwenye njia fupi ya kona), imerudishwa gereji, klachi inateleza na kunuka, na fundi mkuu hakuinama hata kidogo kutazama. Aliegemea mlango akasema, "Mzee, klachi ni nzima. Mguu wako ndio unaiunguza." Vijana wake wakacheka.

Seti ni pleti ya seramiki ya vipande sita na presha pleti nzito (ile inayoibana pleti kwa springi), na gereji hiyohiyo ndiyo iliyoniuzia na kuifunga. Likiwa baridi, gari linashika barabara. Likishachemka, gia ya tatu ukikanyaga eksileta mshale wa mizunguko unaruka kutoka 4,000 hadi 6,000 na mwendo ni uleule. Likikaa likapoa, linashika tena kama kawaida.

Hapo fundi anayejua kazi angeshtuka. Pleti iliyolika haiponi kwa kupoa. Iliyolowa oili kutoka sili ya nyuma ya injini au sili ya giaboksi haiponi pia. Pleti ya kawaida ikizidiwa na joto, ndiyo, hupoa ikarudi, lakini seramiki huvumilia joto zaidi ya hiyo. Kwa hiyo wa kushukiwa kwanza ni mfumo wa mafuta ya klachi, kuanzia masta silinda, yaani pampu inayosukumwa na pedali.

Walirefusha mno fimbo ya kusukuma pistoni ya masta, ili pedali ishike juu na mteja aone klachi "kali". Fimbo ikiwa ndefu hivyo, pistoni hairudi hadi mwisho, na kitundu cha kurudisha mafuta kwenye kikopo hubaki kimezibwa. Injini ikichemka mafuta yanatanuka na hayana pa kwenda. Yanaisukuma silinda ya chini, ile ya kwenye giaboksi, nayo inasukuma uma unaoachilia klachi, kana kwamba mtu kaacha mguu juu ya pedali. Presha pleti inalegea, pleti inateleza, joto linaongezeka, mafuta yanazidi kutanuka. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu yote manne ni balaa zaidi: tairi hazizunguki ovyo mnapoondoka, mshtuko wote unabebwa na klachi.

Kipimo chake hakihitaji kushusha giaboksi. Klachi ikiwa inateleza, zima injini, legeza nipeli ya kutolea hewa kwenye silinda ya chini; kwenye Impreza ya turbo iko juu ya giaboksi, chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo). Vaa glavu na uweke kitambaa, mafuta yale yanakula rangi. Yakiruka bila mtu kugusa pedali, na gari likashika ukiliwasha tena, umempata mwizi. Yaliruka. Dawa ni kulegeza nati ya fimbo, kuifupisha hadi pedali icheze milimita chache kabla ya kukutana na ugumu, kukaza nati, kisha kubadilisha mafuta yote na kutoa hewa. Weka mafuta mapya ya breki na klachi ya daraja la DOT 4, ya kopo lililofunguliwa siku hiyo: yakiwa hayana unyevu huchemka kuanzia 230°C, ila yakishanyonya unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155°C.

Nilikuwa nimeshaamua kuwaambia msinunue seti hii. Naitoa lawamani. Giaboksi iliposhushwa kwa fundi mwingine, pleti ilikuwa bado nene na springi zake zote zimekaa imara.

Lakini flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inabanwa juu yake! Madoa ya bluu, nyufa ndogo, na mduara wa pleti ya zamani bado unaonekana, wakati risiti inasema "kuchonga flaiwili", yaani kuusawazisha uso wake. Pleti mpya kwenye uso ulioungua hushika kwa viraka, na kila kiraka kinachemka peke yake. Bolti za presha pleti zilikazwa kwa mashine ya upepo, wakati zinataka 15.7 Nm tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa kukatiza upande huu na ule, kidogokidogo. Za flaiwili ni 72 Nm.

Na tukifika hapa, hata seti yenyewe naipunguzia nyota. Seramiki inauma ghafla, na giaboksi ya gia tano ya Subaru haipendi mshtuko huo. Kama injini yako haijaongezwa nguvu sana, chukua pleti ya kawaida na presha pleti nzito. Gereji ile sikanyagi tena, isipokuwa kufuata pesa ya flaiwili ambayo hawakuichonga.