Tanuri la Pasiansi: piza kwa jicho la mwashi

Binti yangu alinidanganya kwamba tunakwenda kula sato. Chuo kilikuwa kimefungwa, amepata vihela vyake vya kwanza vya kibarua, akaniambia, "Baba, leo wewe mfuko usiuguse." Nikavaa shati la kanisani. Tulipofika nikaona moshi wa kuni unapanda nyuma ya ua, nikajisemea sato wa kuchoma huyo, tena mkubwa. Tukakaa, tukaletewa karatasi ya vyakula. Naisoma juu mpaka chini, sato hayupo. Piza, piza, piza, halafu mwishoni kabisa chipsi kuku, nadhani kwa ajili ya wazee waliodanganywa kama mimi.

Mahali penyewe ni Pasiansi, hapa Mwanza. Ukitoka mjini kwa barabara ya uwanja wa ndege unashukia kituoni, unaingia kushoto upande wa ziwani, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Kibao hakuna. Mwambie bodaboda "kwenye tanuri", atakufikisha. Kuna meza nane chini ya mwembe, viti vya plastiki, na mawe mawili makubwa ambayo mwenye kiwanja ameamua kutoyapasua kokoto. Watoto wanayapanda wakati wazazi wanasubiri chakula. Ziwa lenyewe unaliona kipande tu, kati ya nyumba mbili, upana wa bati moja.

Sasa mnifahamu kidogo. Mimi ni mwashi, nimeshika mwiko miaka 27. Watu wakiingia mgahawani wanatazama sahani za wenzao, mimi natazama kuta. Binti alipokuwa anaagiza, mimi tayari niko nyuma ya kaunta nikiomba ruhusa ya kuliona tanuri.

Tanuri ni zuri. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitalalamika.

Ni kuba la matofali ya kuchoma ya hapa hapa, yale mekundu ya udongo wa kichuguu. Niligonga moja la pembeni kwa kucha likalia kama chungu, maana yake lilichomwa likaiva. Tofali bichi ukiligonga linajibu kama gunia. Maungio yake hayana simenti. Hapo ndipo nilipomheshimu aliyejenga, kwa sababu mafundi wengi wa mjini wangepiga simenti, na simenti ya kawaida ikikutana na moto wa namna ile kila siku inaachia na kumomonyoka. Yeye ametumia udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Mpishi akanieleza walivyofanya: walirundika mchanga mbichi ukawa na umbo la kichuguu, wakaufunika kwa magazeti yaliyoloweshwa, wakapanga matofali kuuzunguka mpaka juu, na udongo ulipokauka wakauchota mchanga wote kupitia mlangoni. Halafu wiki nzima wakawasha vimoto vidogo vidogo tu, wakiongeza kidogo kila siku, ili maji yatoke taratibu. Ukiharakisha hapo, mvuke unatafuta njia yake na kuba linapasuka.

Futi huwa ninayo mfukoni, hata kanisani. Mlango nikaupima: sentimita 29 kwenda juu. Kimo cha kuba kwa ndani mpishi akanitajia, 46. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona jamaa anajua kazi. Mlango wa tanuri la namna hii unatakiwa upungue kidogo kwenye theluthi mbili ya kimo cha kuba. Ukiuzidisha, joto lote linakwenda kuota nje. Ukiufupisha mno, moto unakosa pumzi na unabaki kufuka moshi.

"Mzee wangu, wewe ni afisa afya?" akaniuliza mpishi. Nikamwambia hapana, ni mwashi. Akacheka, akanipa kigoda.

Mara hiyo ya kwanza, pamoja na tanuri zuri, tulikula vibaya. Tulifika saa kumi na mbili jioni, na moto ulikuwa umewashwa saa kumi na moja. Nilipochungulia, kuba ndani lilikuwa jeusi tii kwa masizi. Mimi wakati ule sikujua maana yake, sasa najua. Tanuri la kuni halipiki kwa moto unaouona. Linapika kwa joto ambalo matofali yamekunywa kwa saa nyingi. Sakafu inaivisha chini ya piza, kuba linairudishia joto kutoka juu, na hewa moto inazunguka katikati. Matofali yakikolea, masizi yanajichoma yenyewe na kuba linarudi rangi yake, kama vile limepakwa chokaa nyepesi. Likiwa bado jeusi, sakafu haijawa tayari.

Tukasubiri dakika 55. Piza ikaja, juu imebabuka vizuri kweli, chini nyeupe, katikati unga mbichi unaonata kwenye meno. Na ile nyingine, ya dagaa, nilipouma mara ya kwanza nikasikia kitu kinasagika. Mchanga! Mtu wa Mwanza hahitaji kuelezwa: walinunua dagaa walioanikwa chini mchangani badala ya wale wa kichanja. Mama yeyote pale Mwaloni Kirumba angekuuliza kwanza unataka wa wapi, na bei zake si moja. Kumwekea mteja dagaa wa mchangani juu ya chakula cha elfu kumi na nane ni dhambi, na nilimwambia hivyo kijana wa kuhudumia, kwa upole. Akasema "Samahani sana mzee," akaondoa zote mbili bila ubishi, na kwenye hesabu akatutoza soda tu. Tukaenda kula sato mahali pengine saa tatu usiku, kwa hela yangu.

Ningeishia hapo kama si lile tanuri. Lilinikaa kichwani wiki mbili. Unajua ukiona nyumba ya mwenzako imejengwa vizuri halafu mpangaji anaitumia kufugia kuku.

Tukarudi Jumamosi, safari hii na mama yao, na nikahakikisha tunafika saa mbili usiku. Tofauti ya siku ile na hii ni ya mbingu na ardhi. Kuba jeupe. Makaa na gogo moja la mwembe vimesukumwa ubavuni, sakafu imefagiwa kwa kitambaa kibichi kwenye mti mrefu. Mpishi akachukua chembe za unga wa ngano akazirusha sakafuni: zikawa kahawia baada ya sekunde chache, naye akatikisa kichwa kukubali. Zingekuwa nyeusi papo hapo angengoja. Huyu bwana alifanya kazi Kiwengwa, Unguja, kwenye hoteli inayopokea watalii wa Italia, na mkono wake ndio unaoeleza hivyo. Donge la unga halisukumi kwa mti kama chapati. Analibonyeza kwa vidole kutoka katikati kwenda nje, analivuta, analigeuza, na ukingo hauugusi kabisa ili hewa iliyomo ibaki humo. Unga wenyewe anaukanda usiku na kuuacha uumuke taratibu mpaka kesho yake jioni, hamira kidogo sana. Ndiyo maana hauna ule ukali wa hamira wa mkate wa haraka haraka.

Akaisukuma ndani kwa koleo la mbao, mvuto mmoja, kama mtu anayetoa kitambaa chini ya vikombe. Nikaangalia saa. Baada ya dakika moja ukingo ukavimba na kuanza kupata madoa meusi. Akaigeuza upande ulioutazama ukuta uangalie moto. Dakika mbili na nusu, ikatoka. Napoli kwenyewe, huko Italia ilikotoka piza hii, wanapika kwa nyuzi 430 hadi 480 na inaiva kwa sekunde 60 hadi 90. Ufundi wao huo UNESCO iliuingiza mwaka 2017 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Sisi dakika mbili na nusu. Kwa matofali ya kichuguu na kuni za mwembe, mimi nimeridhika.

Ukingo ulikuwa na ganda jembamba linalovunjika, ndani laini na matundu matundu, na harufu ya moshi kwa mbali. Nilimaliza ukingo wangu, nikala na wa mke wangu. Yeye alitafuna kipande cha kwanza kimya kimya, akafuta vidole, akasema, "Hii ni chapati iliyopandishwa cheo." Akachukua cha pili. Kwa mtu aliyekuwa akijua ile piza ya Forodhani tu, inayofungwa na kukaangwa juu ya chuma, hiyo ni sifa kubwa.

Ile ya nyanya na chizi, yaani jibini, ina jani la kijani katikati. Nikalinusa, moja kwa moja nikamkumbuka bibi yangu Kwimba, alikuwa ananing'iniza kivumbasi mlangoni kufukuza mbu. Mpishi akasema ni mrehani, binamu yake kivumbasi. Nimeshakula, lakini akili bado inaniambia nimekula dawa ya mbu. Chizi lenyewe (nami nilikua nikijua chizi ni mtu aliyerukwa na akili) wanaweka jingi mno. Linavutika kama raba ya baiskeli, likipoa linakuwa plastiki, na linafunika nyanya ambazo ni nzuri, za kupondwa kwa mkono, hazijapikwa kabla. Ombeni wapunguze. Binti yangu anasema mimi ndiye mtu pekee Mwanza anayeomba kupunguziwa chizi alilolilipia.

Dagaa walikuwa wamebadilika. Mpishi amelichukua lile lalamiko la mchanga kiume: sasa anaweka dagaa wabichi, wamekaangwa juu juu na limau, wanamwagwa piza ikiwa imeshatoka ndani ili wasikauke. Wanalia mdomoni, kuna uchungu kidogo wa kichwa, na vitunguu vyekundu vinausawazisha. Kule Italia wanaweka dagaa wao wa baharini waliolala kwenye chumvi. Sisi hatuna sababu ya kuwaagiza wakati ziwa liko hapo nyuma ya nyumba. Ila jueni kwamba piza hii haipo kila siku. Wavuvi wa dagaa wanakwenda na taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti kitu na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo kabla hujapanda daladala kutoka Buhongwa au Igoma kufuata dagaa, tazama juu angani.

Ya sangara wa moshi mimi sikuipenda. Minofu minene, mikavu, inapigana na unga. Mke wangu aliipenda, basi.

Bei nitaitaja haraka kwa sababu inaniuma. Nyanya na chizi 14,000, dagaa 18,000, sangara 20,000. Moja inatosha watu wawili wenye njaa ya kawaida, au kijana mmoja wa chuo. Unalipa kwa lipa namba au taslimu. Choo kisafi na maji yapo. Pilipili ya kusaga inaletwa ukiiomba, kachumbari hakuna, na nilipoiulizia kijana alinitazama kwa huruma.

Katikati ya kula umeme ukakatika mtaa mzima. Hakuna aliyenyanyuka. Tanuri liliendelea, likatutosha na mwanga mpaka meza ya tatu, na mpishi akatoa piza nne gizani bila kuunguza hata moja. Friji la soda ndilo pekee lililoathirika.

Kuna jambo moja nililoliona usiku ule na sikulisema mbele ya wateja. Kuanzia juu ya mlango kwenda upande wa nyuma, kuna ufa. Si mkubwa, unaingiza ncha ya mwiko. Ule usemi wa asiyeziba ufa kujenga ukuta, kwa wengine ni methali. Kwangu ni ugali wa watoto. Nikamvuta mpishi pembeni nikamwonyesha. Akashika kichwa, akaniuliza nitalitengeneza kwa kiasi gani. Tukakubaliana piza tatu, moja nikala hapo hapo, kwa hiyo anayetaka kusema nimehongwa aanze kuhesabu kuanzia aya hii.

Jumatatu wanafunga, nikadhani ndiyo siku ya kazi. Nikaenda mchana na ndoo yangu ya udongo, nikaingiza mkono mlangoni, nikautoa upesi. Piza ya mwisho ilitoka Jumapili saa nne usiku na matofali bado yalikuwa yanaunguza. Udongo mbichi huwezi kuupaka pale, utakauka kabla haujashika. Nikawaambia Jumanne wasiwashe moto kabisa, nitarudi Jumatano alfajiri. Basi mkienda Jumanne hii mtakuta chipsi kuku tu, na mkiuliza kwa nini, mtaambiwa ni mzee mmoja mwenye futi.