Saluni ya Ukubwa wa Kati: Ipi Ununue Ukihofia Gari Kukimbia Lenyewe

Mnunuzi wa gari la saluni la mtumba kutoka Japani, awe Dar es Salaam au Mombasa, huuliza mambo matatu: gari linakula mafuta kiasi gani, vipuri vinapatikana wapi, na bei itakuwaje siku ya kuliuza. Mimi huongeza swali la nne, na hilo ndilo nililolitumia kupanga magari yaliyomo katika mwongozo huu: siku pedeli ya mafuta itakapong'ang'ania chini, au mguu utakapokanyaga mafuta mahali pa breki, je, gari litanisaidia?

Swali hilo sikulipata vitabuni. Nilikuwa kwenye barabara ya Chalinze kuelekea Segera, nikilipita lori, na nilikuwa nimekanyaga mafuta hadi mwisho. Nilipoinua mguu, injini iliendelea kuunguruma na gari likazidi kuongeza mwendo. Nilikanyaga breki mara moja kwa nguvu zangu zote bila kuiachia, nikasukuma gia hadi N, nikasimama pembeni ya barabara huku injini ikipiga kelele. Kapeti ya mpira niliyoitandika juu ya ile iliyokuja na gari ilikuwa imeteleza mbele na kuibana pedeli.

Ajali iliyowasha mjadala mkubwa wa jambo hili nchini Marekani ilikuwa na chanzo kinachofanana na hicho. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, gari aina ya Lexus ES 350 (Lexus ni nembo ya kifahari ya Toyota), ambalo wakala alimwazima mteja wakati gari lake likiwa katika matengenezo, lilikimbia bila kuzuilika na kuua watu 4 waliokuwa ndani. Lilikuwa limewekewa kapeti ya mpira ya modeli nyingine, nayo ikainasa pedeli. Toyota iliyaita mamilioni ya magari kurekebishwa, kwanza kwa sababu ya kapeti, kisha, Januari 2010, mengine yapatayo milioni 2.3 kwa sababu ya pedeli zilizoweza kukwama.

Hata hivyo, watu wengi hawakuridhika kwamba kapeti na pedeli zilitosha kueleza kila kisa, kwa kuwa katika magari hayo hakuna tena waya wa chuma unaounganisha pedeli na injini. Vihisi ndivyo vinavyoiarifu kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipate hewa kiasi gani. Serikali ya Marekani iliwapa kazi wahandisi wa NASA, shirika lake la anga, na Februari 2011 ikatangazwa kwamba hawakupata hitilafu ya elektroniki iliyosababisha ajali hizo, ingawa ripoti yao yenyewe ilitahadharisha kwamba kukosekana kwa ushahidi hakumaanishi kwamba jambo hilo haliwezi kutokea. Oktoba 2013, baada ya kumsikiliza mtaalamu aliyeeleza udhaifu wa programu ya Camry ya 2005, baraza la wazee wa mahakama huko Oklahoma liliamuru walalamikaji walipwe dola milioni 3. Machi 2014 Toyota ikakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa kuwapotosha wateja kuhusu usalama wa magari yake.

Msimamo wangu ni kwamba visa vingi vilitokana na mguu wa dereva, kapeti au pedeli yenyewe, lakini sioni kama hoja ya kompyuta imefungwa, na mnunuzi hana sababu ya kusubiri ifungwe. Kilicho muhimu kwake ni kinga mbili. Ya kwanza ni mfumo unaoipa breki kauli ya mwisho: pedeli zote mbili zikikanyagwa gari likiwa katika mwendo, kompyuta hupunguza nguvu ya injini. Nissan ilikuwa nao kabla ya mtafaruku huo, na Toyota ilianza kuueneza katika magari yake mapya kuanzia mwaka 2010 na 2011. Ya pili ni mfumo unaozuia gari kuondoka kwa kasi iwapo kuna ukuta au gari jingine mbele na dereva amekanyaga mafuta kwa nguvu. Kinga hii ya pili haimsaidii aliye kwenye barabara kuu, lakini ndiyo inayohitajika mahali ambapo makosa ya mguu hutokea sana, yaani kwenye maegesho.

Kwa hiyo mwaka wa gari unanihusu kuliko nembo yake. Nchini Kenya, ambako magari yaliyozidi miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa, sheria imekwisha kumsogeza mnunuzi upande salama. Tanzania hulipokea gari kuukuu kwa kulitoza ushuru wa ziada, na hapo ndipo kishawishi kilipo, kwani saluni ya mwaka 2006 yenye injini kubwa bado inavutia macho. Fedha ambazo ungelipia injini kubwa ziende kwenye gari la mwaka wa karibuni zaidi, na injini iwe ndogo, hasa kwa kuwa ushuru hupanda injini inapozidi sentimita za ujazo 2000.

Nafasi ya kwanza naipa Mazda Atenza ya kuanzia mwishoni mwa 2012, yenye injini ya petroli ya lita 2.0. Mazda walilitazama tatizo hili kuanzia miguuni: katika magari mengi ya usukani wa kulia, nafasi ya gurudumu la mbele husukuma pedeli kuelekea kushoto, na mguu uliolegea huangukia karibu na pedeli isiyo yake. Katika Atenza hii magurudumu yamesogezwa mbele, pedeli zikakaa mahali panapolingana na mwili wa dereva, na pedeli ya mafuta imeota kutoka sakafuni badala ya kuning'inia kama ya breki, kiasi kwamba mguu unahisi tofauti kabla ya akili kufikiri. Yenye kihisi cha mbele huongeza kinga ya kuondoka kwa kasi. Ile ya dizeli siipendekezi kwa anayezunguka mjini kwa safari fupi fupi, kwa sababu chujio lake la masizi huziba.

Ya pili ni Toyota Crown iliyotoka Desemba 2012 na kuendelea. Ni kubwa kidogo kuliko wenzake, na ushuru wake ni mzito, lakini ndilo gari ambalo Toyota ilianzia kufunga sona (vihisi vya mawimbi ya sauti) inayokata nguvu ya injini na kufunga breki kukiwa na kizuizi mbele au nyuma. Vihisi vya mviringo kwenye bampa si uthibitisho, maana vingine hulia tu. Tafuta swichi yake au hati ya mnada inayoutaja mfumo huo.

Subaru Legacy B4 ya kuanzia 2010 yenye EyeSight, mfumo wa kamera unaotazama mbele na kutoa ile kinga ya pili, inashika nafasi ya tatu. Mnunuzi huitambua hata kwa picha, kwa kuwa kamera mbili zinaonekana nyuma ya kioo cha mbele, moja kila upande wa kioo cha kutazamia nyuma. Ningeiweka juu zaidi kama mafundi wake wangekuwa wengi nje ya miji mikubwa, na kama kioo hicho kikivunjika kingeweza kubadilishwa popote. Kioo kisicho chake, au kamera zisizopangwa upya, huufanya mfumo usitegemewe.

Toyota Mark X, kipenzi cha wengi, naiweka ya nne. Vipuri vyake viko kila mahali na injini yake ya V6 ya lita 2.5 ni imara, ila nguvu hiyo kwenye magurudumu ya nyuma inadai dereva mtulivu. Kabla ya kulipia, fungua kitabu cha mwongozo cha mwaka husika uone kama mfumo wa breki kuishinda pedeli ya mafuta umetajwa. Nissan Teana inafuata. Inabeba familia kwa starehe, lakini giaboksi yake ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ikiwa imetunzwa vibaya, gharama yake huumiza.

Lolote utakalochagua, siku ya kulipokea inua kapeti ya dereva, hakikisha vishikizo vyake viwili vya sakafuni vipo na vimefungwa, na usitandike nyingine juu yake. Kisha, injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli ya mafuta hadi mwisho mara kadhaa uone kama inarudi yenyewe bila kusita. Kama gari linawashwa kwa kitufe, soma kitabuni namna ya kulizima likiwa katika mwendo, kwa sababu katika mengi kubonyeza mara moja hakutoshi. Kile cha Lexus ya San Diego kilihitaji kushikiliwa sekunde 3.