Fura-2 AM kwa osteoklasti: chukua vichupa vidogo, na probenesidi usiisahau

Anayetaka kupima kalsiamu ndani ya osteoklasti, zile seli zinazokula mfupa, kwa kawaida huchagua kati ya rangi mbili ambazo mwanga wake hubadilika zikishika kalsiamu: Fluo-4 AM na Fura-2 AM. AM ni mkia wa kemikali unaoiwezesha rangi kupita utando wa seli, kisha hukatwa ndani. Maabara nyingi huvutwa na Fluo-4 kwa sababu huwaka kwa mwanga wa buluu wa nanomita 488, na hadubini ya kawaida ya floresensi inautoa. Shida ni kwamba osteoklasti haitulii. Inatambaa, inajikunja, katikati ni nene na kingo zake ni nyembamba. Ukiongeza kalsiamu nyingi nje ya seli, kalsiamu ya ndani hupanda na papo hapo seli hujikusanya, kwa hiyo rangi inayosomwa kwa wimbi moja itang'aa zaidi na hutajua sehemu gani ni ishara na sehemu gani ni unene.

Fura-2 huepuka mtego huo. Huchochewa kwa nanomita 340 na 380, na mwanga wake hupimwa kwenye 510. Kalsiamu ikiishika, usomaji wa 340 hupanda na wa 380 hushuka. Gawanya wa kwanza kwa wa pili, na unene wa seli pamoja na wingi wa rangi vinafutika kwa kiasi kikubwa. Kwa kazi hii ndiyo rangi ya kununua.

Huuzwa kwa kichupa cha miligramu 1 au pakiti ya vichupa 20 vya mikrogramu 50. Kwa Dodoma, lipia vichupa vidogo. Mzigo unashuka Dar es Salaam kisha unapandishwa huku, na ukifika unakaa kwenye friza ambayo umeme wake haukosi kukatika. Kinachoiua AM ni unyevu: ikishagusana na maji huvunjika, na rangi iliyovunjika haipiti utando wa seli. Hata kiangazi, hewa ikiwa kavu namna gani, kichupa kilichotoka kwenye nyuzi hasi 20 na kufunguliwa hapo hapo hutoa jasho ndani. Kiache kifungwe mezani nusu saa, kimefunikwa foili, ndipo ufungue. Kichupa kikubwa kitafunguliwa mara kumi, na kila mara kinadhoofika.

Weka mikrolita 50 za DMSO kavu (kiyeyushi kisicho na maji) kwenye kichupa cha mikrogramu 50, upate milimola 1. Chukua mikrolita 3 kwa kila mililita ya myeyusho wa chumvi usio na seramu, kwa sababu seramu ina vimeng'enya vinavyoikata AM kabla haijaingia. Ongeza mikrolita 1 ya Pluronic F-127 (sabuni laini) ya asilimia 20 ili rangi isigande vipande. Waachie seli dakika 30 hadi 40 gizani, osha mara mbili, kisha subiri nusu saa nyingine. Kusubiri huko wengi hukuruka, halafu hushangaa mstari wa chini kutotulia. Ndani ya seli AM bado inakatwa. Kupakia kwenye nyuzi 37 huharakisha, lakini rangi huingia pia kwenye vijivyumba vya seli na picha inakuwa na madoa. Joto la chumba ni salama zaidi.

Sasa probenesidi, kizuizi cha pampu za seli. Osteoklasti ni ukoo mmoja na makrofaji, na makrofaji zina pampu zinazotapika Fura-2 nje. Bila kizuizi, mwanga unafifia huku ukitazama. Weka milimola 1 hadi 2.5, kuanzia kupakia hadi mwisho wa kurekodi. Haiyeyuki kwenye maji matupu: iyeyushe kwanza kwenye sodiamu haidroksaidi, kisha rudisha pH kwenye 7.4. Ukisahau hatua hiyo ya pili, seli zitakufa na lawama itapewa rangi.

Jambo jingine la kwetu ni maji. Maji ya visima yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yana kalsiamu tele, na chupa iliyosuuzwa kwa bomba inatosha kuharibu myeyusho unaodaiwa hauna kalsiamu. Fura-2 hushika nusu ya uwezo wake kwenye takriban nanomola 145 tu, hivyo mikromola chache za uchafu zinaijaza. Suuza kwa maji yaliyoondolewa ioni, na tumia EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu. Kumbuka EGTA ikishika kalsiamu huachia asidi, kwa hiyo pima pH upya. Sahani iwe na kifuniko pia: kiangazi mililita moja iliyo wazi hupungua upesi, na chumvi inapanda bila wewe kuongeza chochote.

Kabla ya kuagiza, kagua lenzi. Kioo cha kawaida hunyonya 340, na chini ya sahani za plastiki si pazuri. Unahitaji lenzi inayopitisha mwanga wa urujuanimno na kioo chembamba. Bila hizo, Fluo-4 itakufaa kuhesabu mawimbi ya kalsiamu (kupanda na kushuka kwake) kwenye seli changa. Kwa uboho wa panya mawimbi hayo huanza takriban saa 24 baada ya kuongeza RANKL, protini inayozigeuza seli kuwa osteoklasti, na ndiyo yanayokiwasha kimeng'enya kalsinurini, ambacho nacho huiamsha NFATc1, protini inayowasha jeni za osteoklasti. Idadi ya mawimbi itaaminika. Kiwango cha kalsiamu kwa nanomola usikitaje.