Contratados: Vibarua wa Msimu Wanapowapima Waajiri Wao

Contratados ni huduma ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2014 na Centro de los Derechos del Migrante, shirika la kutetea wafanyakazi wahamiaji lenye ofisi Mexico City, ili Wameksiko wanaokwenda Marekani kwa viza za muda, zikiwemo za H-2A za vibarua wa mashambani, waambiane ni mwajiri gani hulipa ujira kamili na ni wakala gani hutoza ada zilizokatazwa na sheria. Nimeupenda hasa uamuzi wa kupokea maoni hata kwa simu, bila jina la mtoaji, maana viza ya H-2A humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, na anayelalamika hadharani anaweza asiitwe tena msimu ujao. Udhaifu ni kwamba huduma humwonya anayejiandaa kusafiri, lakini aliyekwisha kufika shambani haimpi uwezo wa kuhama. Hata hivyo naipongeza kwa dhati, na ningetamani vijana wetu wanaopelekwa Ghuba wawe na yao, kwani nao hukopa kumlipa wakala kabla ya kumjua mwajiri.