Uzoefu wangu: difu ya R180 kwenye Impreza WRX ya turbo

Nimefunga difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) aina ya R180, ya STI (toleo la Impreza lenye nguvu zaidi), spea iliyotumika kutoka Japani, kwenye Impreza WRX bodi ya GDA yenye gia tano za mkono na injini ya EJ205 iliyoongezewa nguvu. Matokeo yake yananiridhisha. Gari likitoka kwenye kona za Kitonga huku linapanda, tairi la ndani haliachii tena likazunguka bure, na kwenye udongo mwekundu wa Mafinga uliolowa magurudumu yote mawili ya nyuma yanasukuma. Kazi yenyewe, hata hivyo, si ya kuchomoa moja na kuchomeka nyingine, na wauza spea wengi hawalisemi hilo.

R160, difu ndogo iliyokuja na gari, ina krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) ya kipenyo cha milimita 160, R180 ina 180. Nyingi ya R160 za magari ya turbo zina LSD (kifaa kinachozuia tairi moja kuzunguka bure) ya viskasi, yaani ya majimaji mazito, ambayo huchoka kwa umri na joto mpaka ikawa kama difu ya kawaida. R180 ya STI ninayoizungumzia ina LSD ya sahani, inayobana mara tu unapokanyaga mafuta.

Sasa resho, yaani propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka gia boksi) inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, maana hapa ndipo watu wanapoua magari. WRX ya gia tano ina 3.90 mbele na 3.54 nyuma. Hesabu hizo hazilingani kwa macho, lakini ndani ya gia boksi kuna gia za kupeleka nguvu nyuma zenye 1.1, na 3.54 ukizidisha kwa 1.1 unapata karibu 3.90. R180 zinazopatikana kwa wingi ni za 3.90, zilizotoka kwenye STI za gia sita ambazo hazina hiyo 1.1. Ukiifunga ya 3.90 nyuma ya gia tano, mbele na nyuma vinapishana kwa asilimia 10 muda wote gari linapotembea. Difu ya kati, iliyo ndani ya gia boksi, inachemka, gari linakaza kwenye kona za taratibu, na baada ya muda mfupi unanunua gia boksi. Tafuta R180 ya 3.54, hata kama utaisubiri.

Usiamini maandishi ya chokaa juu ya difu. Weka alama kwenye flenji ya propela na kwenye matundu ya pembeni zinapoingia shafti za magurudumu, zungusha mpaka upande wa shafti utimize mizunguko 10 kamili, huku pande zote mbili zikienda pamoja. Propela ikizunguka 39 ni 3.90. Ikizidi kidogo 35 ni 3.54. Ikifika 41 ni 4.11, ya magari mengine kabisa.

Shafti ndizo zinazokula pesa. Za R160 haziingii kwenye R180, na za STI upande wa nje hazikubali habu ya WRX kwa sababu meno yanatofautiana. Kuna njia mbili: kutengenezesha shafti mchanganyiko, ndani R180 na nje WRX, au kununua habu za nyuma za STI pamoja na nyumba zake na shafti zake. Ukichagua ya pili angalia mwaka. STI za mpaka 2004 zina bolti tano kwenye duara la milimita 100 kama WRX, lakini kuanzia 2005 ni 114.3, na rimu zako hazitakaa. Breki za nyuma nazo zitabidi zifuate habu. Kabla ya kulipia, laza difu mbili sakafuni ubavu kwa ubavu upime flenji ya propela na sehemu za kushikia.

Difu ikiwa bado chini, fungua mfuniko wa nyuma. Unga mwembamba wa chuma kwenye sumaku ni kawaida, vipande si kawaida. Mchezo (ulegevu) kati ya krauni na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, uwe kama sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi kidogo. Ukikaribia nusu milimita, irudishe. Badilisha sili zote tatu hapo hapo, kwa sababu kuzibadilisha ikiwa juu ni kazi ya siku nyingine. Ya pinioni inataka fundi mzoefu, aweke alama kwenye nati kabla ya kuifungua ili beringi zisibanwe kupita kiasi.

Ufungaji wenyewe hauna maajabu: ekzosi ya nyuma inashuka, propela inawekewa alama na kufunguliwa, shafti zinang'olewa kwa mtaimbo mdogo, difu inashushwa kwa jeki ya gia boksi. Ni nzito, wawe watu wawili.

Oili ni lita 1 hivi (R160 inakula 0.8), GL-5 75W-90 inayofaa LSD ya sahani. Ile "namba 90" ya kupimiwa kwenye kopo haitoshi, sahani zitapiga kelele kila unapokata kona ya kuegesha. Kwa baridi ya asubuhi ya Makambako na Njombe, oili nzito ya 140 nayo siipendekezi. Fungua tundu la kujazia kwanza, ndipo umwage. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 za mwanzo badilisha, sahani hutoa uchafu mwingi mwanzoni.

Injini yako ikiwa bado ya kiwandani, farasi 250 hivi, baki na R160 nzima na utumie fedha kwenye tairi. Nyuma ikishika vizuri mzigo unahamia kwenye gia boksi ya gia tano, ambayo ni dhaifu kuliko difu; kuondoka kwa kuachia klachi ghafla kutavunja meno ya gia. Pia kwenye mvua ya Tukuyu, ukikanyaga mafuta ghafla katikati ya kona mkia unatoka haraka kuliko ulivyozoea.

Kila ukitoka matopeni safisha kipumulio kilicho juu ya difu. Kikiziba, hewa ya moto inasukuma oili kupitia sili, na fundi atakuuzia sili mpya ambazo hazikuhitajika.