Sita na Tisa: Uzoefu Wangu wa Kuwekewa Mashine ya Kusikia Mwanza

Nilikwenda kupimwa masikio siku za mbalamwezi, wakati ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na sisi wafanyabiashara wa soko la dagaa la Mwaloni Kirumba tunapata nafasi ya kushughulikia miili yetu. Kliniki yenyewe siitaji jina. Iko hapa hapa Mwanza mjini. Nilikuwa nimekusudia kuandika mistari mitatu tu ya kuwaonya watu wasiende kabisa. Sasa naona jambo lenyewe si jepesi kiasi hicho, ingawa hasira yangu iko pale pale.

Kilichonipeleka ni sita na tisa. Nilifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kuingia kwenye dagaa, lakini sikuwahi kuona jinsi maneno haya mawili yalivyo mapacha mpaka masikio yaliponitupa mkono. Irabu zake ni zile zile na kwa mpangilio ule ule, i kisha a. Kinachoyatenganisha ni s na t kubadilishana nafasi. Irabu zina sauti nzito ambayo bado naisikia vizuri, lakini s ni sauti nyembamba na hafifu, nayo ndiyo uzee huanza kuichukua. Mnunuzi alitaja elfu ishirini na sita kwa ndoo, mimi nikasikia na tisa, nikamkubalia mbele ya watu, na maneno yakishatoka Mwaloni hayarudishwi.

Upimaji wa kwanza sina neno nao. Niliketishwa katika chumba kisichopitisha kelele, nikavishwa visikizi, nikabonyeza kitufe kila niliposikia mlio, na chati ikatoka ikionyesha mstari unaoporomoka upande wa sauti nyembamba. Balaa ilikuwa siku ya kuwekewa mashine. Kijana mmoja mwenye koti jeupe aliiunganisha na kompyuta, akaingiza ile chati, akabonyeza mara moja, akanivalisha, kisha akauliza, "Mama, unasikia?" Nikajibu kwamba nasikia. Ningejibu nini, nami niko kwenye chumba kimya, yeye yuko umbali wa mkono na mimi namtazama mdomo? Tathmini nzima ya kifaa nilichokilipia kwa mauzo ya miezi kadhaa ikaishia hapo.

Nilipomuuliza itakuwaje sokoni, penye jenereta na wapagazi wanaopiga kelele, hakunijibu mimi. Alimgeukia binti yangu aliyenisindikiza, akasema, "Dada, mwambie mama atazoea tu." Naomba msomaji alitafakari hilo. Mtu ambaye kazi yake ni kuwarudisha watu katika mazungumzo alikuwa ametoka tu kunivalisha kifaa cha kusikia, kisha akazungumza nami kwa mkalimani kana kwamba mimi ni mgeni asiyejua lugha, tena lugha ambayo huenda aliyemfundisha yeye nilimfundisha mimi.

Ni kweli kwamba mashine huhitaji kuzoewa, kwa sababu ubongo uliokaa miaka bila sauti fulani huchukua wiki kadhaa kuzipokea tena, na katika hilo simpingi. Lakini sauti isiyofika sikioni haizoeleki. Kwa karibu mwezi mzima sahani zilipogongana jikoni nilishtuka, mashine ikapiga mluzi kila nilipojifunga mtandio, na wanunuzi wakaendelea kutaja bei ambazo sikuweza kuziapia.

Niliporudi kwa shari nilimkuta msichana ambaye sikuwahi kumwona. Alinipa shikamoo, akavuta kiti, akaketi akinitazama usoni, akaniomba nitaje mambo hadi matano ambayo nataka hasa kuyasikia, kwa kuanza na lililo muhimu zaidi. Alinieleza kwamba utaratibu huo ulitungwa na watafiti wa Australia na ukachapishwa mwaka 1997, na kwamba baadaye tungeyarudia mambo hayo hayo ili nieleze lipi limebadilika na kwa kiasi gani. La kwanza nilimwambia aandike: bei, Mwaloni, asubuhi.

Kisha akaenda kwenye pembe ya chumba na kufunua chombo kilichokuwa kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, juu yake kukiwa na maua ya plastiki. Aliingiza mpira mwembamba sana ndani ya sikio langu, karibu na ngoma, akairudisha mashine juu yake, akacheza sauti ya mtu anayezungumza kutoka kwenye spika, kwanza ya chini, kisha ya kawaida ya desibeli 65, kisha ya juu. Kumbe kompyuta ya yule kijana ilikuwa imekisia sikio la wastani, ilhali tundu la sikio la kila mtu lina upana na urefu wake, na sauti ile ile hufika kwenye ngoma ikiwa na nguvu tofauti. Ni kama fundi cherehani anayekushonea gauni bila kukuzungushia futi. Kwenye skrini niliona mwenyewe mstari wa sauti nyembamba ukilala chini kabisa ya mahali ulipotakiwa kuwa, na watafiti wameliona pengo hilo mara kwa mara kwa wanaowekewa mashine kwa makisio. Akaupandisha kidogo kidogo, akanibadilishia kizibo kilichokuwa kikivujisha sauti na kuleta mluzi, kisha akaziba mdomo wake kwa karatasi na kusema, "Tisa. Sita. Sita. Tisa." Nilizipata zote nne.

Nilitoka nikiwa na furaha, nikafika ngazini furaha ikageuka. Chombo kile kilikuwemo chumbani siku ile ya kwanza, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu, kimebeba maua.

Mashine yenyewe, basi, ni nzuri, na mvua ikipiga juu ya bati ndipo tu bado inanishinda. Akiniuliza mtu aende au asiende, nitamwambia aende, lakini kabla ya kutoa hata shilingi aulize kama kile kitambaa kitafunuliwa. Akimkuta yule kijana peke yake, apande daladala arudi nyumbani.